Nyota Iliyozidi Sentimita Tano

Jumatatu, 4 Machi

Goti bado limevimba. Daktari amesema siku kumi bila kupiga magoti. Nikamweleza kwamba mimi ni fundi vigae, kazi yangu yote iko magotini. Akasema basi, siku kumi bila kazi. Mtu anasoma miaka yote ile ili aje aniambie hivyo!

Mke wangu ameondoka saa moja asubuhi kwenda kwa mdogo wake, aliyejifungua juzi. Mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima, kila mtu mzima isipokuwa mimi. Atarudi Jumamosi. Ameacha maharage kwenye friji, maji ya kunywa kwenye birika, na onyo. Onyo alilitoa mara tatu: mara ya kwanza sebuleni, ya pili mlangoni, ya tatu akiwa ameshapita geti, kwa sauti, majirani wakisikia. Nisiguse vipande vilivyo kwenye meza ya kulia. Nisiviguse, nisivipulizie, nisiweke hata kikombe karibu navyo.

Vipande vyenyewe ni kumi na sita. Vinane vina umbo la uru wa karata, vinne ni vya mraba, vinne vya pembetatu. Amevipanga juu ya gazeti. Vikishonwa vinakuwa nyota ya ncha nane: bluu yenye madoa meupe, njano, bluu, njano, mpaka inazunguka. Ile bluu ilikuwa gauni la kila siku la marehemu mama mkwe. Njano ni gauni lake la kutokea. Miraba na pembetatu ni nyeupe, za mtandio wake.

Naandika kwa nini, maana hapa ndipo penye mambo. Tangu mama mkwe afariki, mwezi wa nne mwaka jana, baba mkwe halali kitandani. Anasema kitanda kimekuwa kipana mno. Analala kwenye kiti cha sebuleni, shingo imepinda, na asubuhi anashinda akijikanda. Mabinti zake watatu wamekata shauri wamshonee blanketi la viraka kwa nguo za mama yao, labda likimrudisha kitandani. Dada mkubwa ameshashona blanketi lote, katikati ameacha nafasi tatu, sentimita thelathini kwa thelathini. Kila binti nyota yake. Mkubwa amemaliza. Mdogo alimaliza kabla hajajifungua, tumbo limeegemea cherehani. Wangu ndiye bado. Zinaunganishwa Jumapili. Kitambaa kingine hakuna, magauni na mtandio vimeisha.

Mume wa dada mkubwa, mwanyumba wangu, ni fundi wa kuvalisha makochi. Tunamwita Kochi. Yeye ndiye aliyekivalisha kile kiti cha mzee, na mzee anamwita mwanangu. Mimi nilimwekea mzee vigae bafuni miaka tisa iliyopita, bila kumtoza kitu, mteremko ukatokea kuelekea upande usio wake. Maji yanakwenda chumbani. Tangu siku hiyo mzee ananiita yule wa bafuni. Miaka tisa! Na mteremko wenyewe ni mdogo tu.

Sijagusa kitu.

Jumanne, 5 Machi

Nimegusa. Lakini kwa futi kamba tu, na futi kamba si mkono.

Ilikuwa hivi. Saa tatu nimekaa mezani na chai (kikombe mkononi, mbali na vipande, kama nilivyoagizwa). Macho yakaniambia kuna kitu hakiko sawa. Miaka ishirini na miwili ya vigae haimtoki mtu machoni. Nikapima. Mraba, pembetatu, mraba, upande wote wa juu: thelathini na tano na ushee. Mchoro aliouacha mke wangu unasema thelathini. Nikapima tena kuanzia upande wa pili. Thelathini na tano na ushee! Kwenye sakafu, kosa la sentimita tano ni kashfa. Mwenye nyumba anakufukuza na ndoo yako.

Maskini mke wangu. Alikata kwa haraka, mawazo yote yako kwa mdogo wake. Jumapili angepeleka nyota kubwa kuliko nafasi yake, mbele ya dada yake, mbele ya Kochi. Angeumbuka.

Hapo wazo likanijia zima zima. Nitarekebisha vipimo, kisha nitaishona mwenyewe. Akirudi Jumamosi atakuta imekwisha. Jumapili mzee ataishika, atauliza hii ni ya nani, na mke wangu atasema ni ya mume wangu. Mzee atavua miwani. Ataniita mwanangu. Kochi atakuwa amekaa palepale, anasikia.

Saa sita Kochi mwenyewe alipiga simu kuniulizia goti. Aliposikia niko karibu na meza ya nyota akaanza kunieleza habari za pembeni za kitambaa, kwamba watu wengi hawajui kwamba... Hapo nikamkatiza. Nikamwambia mimi sivalishi makochi. Nikamshukuru kwa kuniulizia, nikakata simu. Mtu ukimwachia anakufundisha hata kupumua.

Mchana, kazi. Rula ya chuma, kisu kipya. Nimepunguza kila kipande robo tatu ya sentimita kila upande, vyote kumi na sita. Nikavipanga upya, nikatia vile vimsalaba vyangu vya plastiki vya kuachanishia vigae katikati ili mistari ikae sawa, nikavitoa, nikasukuma vipande vikagusana. Nikapima: thelathini kamili! Kona zote tisini! Nimesimama nikaitazama mpaka goti likalalamika. Nimepiga picha.

Vile vikanda nilivyopunguza nimefagia nikatia kwenye pipa la taka. Fundi hujulikana kwa usafi wa anapofanyia kazi.

Jumatano, 6 Machi

Cherehani ya mke wangu ni mbovu. Inakula kitambaa.

Sijasema hivyo kwa hasira. Nimefanya uchunguzi. Nimeunganisha uru wa bluu na uru wa njano, vikatoka vyembamba kuliko vilivyoingia. Nikainama kutazama chini ya cherehani kama kuna kitu kimebaki humo. Hakuna. Nikashona jozi nyingine, mambo yaleyale. Vigae viwili vya thelathini ukiviweka pamoja unapata sitini, popote ulipo. Vitambaa viwili ukivishona pamoja unapata pungufu. Nimelifikiria sana jambo hili, kuanzia saa tatu hadi saa nne.

Nikaona niendelee, huenda itajirekebisha mbele ya safari. Nimeshona kwa mishono midogo midogo, imara, ili Kochi asipate la kusema. Kuzungusha mkono wa cherehani na kuongoza kitambaa kwa wakati mmoja si mchezo. Nimejichoma kidole mara mbili. Damu haikufika kwenye njano. Ilifika kwenye mraba mmoja mweupe, kidogo, na nimeifunika kwa chokaa.

Saa tisa nyota imekamilika. Nieleze hali yake bila upendeleo. Ncha tano ni nzuri. Ncha tatu hazina vichwa, zimemezwa na mshono. Zile ncha za ndani nane, zinapokutana katikati, zimefanya kinundu ukubwa wa kifungo cha koti. Pembeni kitambaa kimevutika, kwa hiyo hailali, inajikunja kidogo.

Nimeipiga pasi. Kinundu kikabaki. Nikaleta nyundo ya mpira, ile ya kugongea vigae, nikakigonga kwa adabu kutoka katikati kwenda nje, kama inavyotakiwa. Kikashuka. Nikaenda kunywa maji, niliporudi kimepanda. Nimeweka pima maji juu ya nyota. Pima maji inasema sawa.

Sasa jambo baya. Nimepima. Ishirini na sita. Na bado cherehani ya kuunganishia nayo itakula pembeni, kwa hiyo itakuwa kama ishirini na tano. Jana ilizidi tano, leo imepungua tano. Sijaongeza, sijapunguza, nimeshona tu.

Nimekula maharage yakiwa ya baridi.

Alhamisi, 7 Machi

Saa tatu nimekwenda kwa Mama Vifungo, pale kwenye kona, anayeuza nyuzi na vifungo. Bibi yule ameshona nguo tangu mimi sijazaliwa. Nikampa shikamoo, nikajitia hamnazo. Nikatoa nyota kwenye mfuko, nikasema ni ya rafiki yangu, amepata tatizo dogo la cherehani.

Aliigeuza akatazama nyuma. Akaigeuza tena mbele. Akauliza kama huyo rafiki yangu naye amevimba goti.

Kisha akachukua vitambaa viwili vya mabaki, akavilaza pamoja, akavishona pembeni, akavifungua, akanionyesha. Kile kilicho nje ya mshono kinakwenda ndani. Hakionekani tena, lakini ndicho kinachoshika nguo. Kwa hiyo anayekata anakata kikubwa kuliko anachotaka, robo tatu ya sentimita kila upande, na mzigo wote huo unaishia ndani. Nikamwuliza kitu hicho kinaitwaje. Akasema wengine wanakiita nafasi ya mshono, yeye anakiita akili.

Robo tatu ya sentimita. Kila upande.

Nimerudi nyumbani mbio, na goti hili. Pipa tupu. Gari la taka limepita saa nne kasoro, jirani kaniambia, na akanipongeza kwamba wiki hii pipa letu lilikuwa jepesi.

Nimekaa mezani na ile nyota. Njano ile. Mama mkwe aliivaa siku nilipomaliza bafu, alisema bafu jipya halizinduliwi na nguo za jikoni. Maji yalipoingia chumbani na mzee akaanza kufoka, yeye alipandisha pindo la gauni, akavuka, akasema angalau sasa chumba kitapigwa deki kila siku. Akacheka mwenyewe mpaka akashika ukuta. Katika nyumba ile yote ndiye aliyekuwa upande wangu. Nilimpenda. Na Jumanne nimemfagia nikamtia kwenye pipa.

Nimelia dakika tano. Halafu nikapata wazo.

Nyota haiwezi kukua. Hilo limeshapita. Lakini nafasi inaweza kupungua! Nyota tatu zikiwa za ishirini na tano, nani atajua zilitakiwa thelathini? Nimemwandikia dada mkubwa ujumbe. Shikamoo shemeji, nimeagizwa na mdogo wako: vipimo vimebadilika, sasa ni ishirini na tano, nafasi zote tatu zipunguzwe, na nyota mbili zilizo kwako zikatwe pembeni zilingane. Nikaongeza asijisumbue kumpigia, simu yake haina chaji na huko umeme unasumbua.

Amejibu: sawa.

Mwanamke mtiifu sana. Sijui kwa nini huwa namwogopa.

Ijumaa, 8 Machi

Si mtiifu.

Saa mbili asubuhi mke wangu alipiga simu. Simu ina chaji tele. Akauliza kwa sauti ya chini kama niko salama. Nikasema niko salama. Akauliza kama goti limepanda kichwani. Nikasema simsikii vizuri, mtandao mbovu, nikaufikicha mfuko wa plastiki karibu na simu ili aamini. Akasema yeye ananisikia vizuri sana, na kwamba dada yake alikuwa ameshashika mkasi, nyota ya mdogo iko mezani, alipoamua kupiga simu kwanza. Mkasi mkononi! Ncha zote nane zingekwenda.

Hilo sikulifikiria, kwamba nyota iliyokwisha kushonwa ukiikata pembeni inapoteza ncha. Kigae ukikikata pembeni kinabaki kigae.

Alifika saa kumi jioni, siku moja kabla. Nilikuwa nimeifunika nyota kwa sahani. Hakunisalimu. Akaondoa sahani. Akasimama, mkoba bado uko begani, akagusa kile kinundu kwa kidole gumba, akakizungusha taratibu. Akauliza pembeni ziko wapi. Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Miaka kumi na minane ya ndoa nimezizoea kelele zake, zina mwanzo na zina mwisho. Kimya hiki sikukijua. Alikaa kwenye kiti na mkoba wake begani. Baadaye akasema baba yake anampigia kila siku kuuliza Jumapili kuna nini, maana mabinti wanamficha jambo, na sauti yake imechangamka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akasema ile njano alikuwa ameikata kwenye pindo la gauni kwa makusudi, kwa sababu pindoni ndipo harufu ya mama yake ilipobaki.

Nikamweleza kuhusu thelathini na tano na ushee. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akainuka akaenda kuoga.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeamriwa kufumua. Saa mbili asubuhi alinipa wembe na nyota, akaniambia nitoe mshono mmoja mmoja, na nikichana hata uzi wa kitambaa nisirudi sebuleni.

Mishono midogo midogo, imara! Nani alinituma? Nilimaliza saa nane mchana. Shingo imekufa, macho yananitoka, mezani kilima cha nyuzi. Vipande vyote kumi na sita vizima. Ule mraba wenye chokaa ameufua mwenyewe bila kuuliza.

Akaanza kushona kwa mkono. Cherehani hakuigusa. Alishika pembeni kabisa, milimita tatu tu, mahali ambapo mtu mwingine uzi ungemponyoka. Zile ncha nane za katikati alizilaza nyuma kwa zamu, kila moja juu ya mwenzake kwa kuzunguka, na kinundu hakikuja. Hakuhitaji nyundo. Saa kumi aliniruhusu kumtungia sindano uzi. Saa kumi na moja aliniambia niwashe taa. Ndiyo mazungumzo yetu ya siku nzima.

Nyota ni nzuri. Naandika kwa uchungu, lakini ni nzuri, ncha zote zina vichwa. Nimepima akiwa jikoni: ishirini na nane. Bado mbili. Milimita tatu hazirudishi kilichokwenda na gari la taka.

Tumepatana. Yeye hatamwambia baba yake nani alikata. Mimi, kwa upande wangu, kesho sitasema neno lolote kuhusu nyota. Si vipimo, si kona, si chochote. Nimekula kiapo. Alinitazama nikila kiapo kama watu wanavyomtazama fundi anayeahidi kuja kazini Jumatatu.

Jumapili, 10 Machi

Tulifika kwa baba mkwe saa nne. Mzee yuko kwenye kiti chake, amevaa koti, amenyoa. Akasema aah, yule wa bafuni, goti? Nikampa shikamoo, nikasema linaendelea. Kochi ameshafika na cherehani yake ya umeme, ameibeba begani mpaka ndani ili watu wote waione.

Mabinti wakamfunulia mzee siri. Dada mkubwa akatandaza blanketi mezani. Mzee alisimama akalitazama, akashika kona moja, akakaa tena. Wakaanza kuweka nyota. Ya mkubwa ikaingia. Ya mdogo ikaingia. Yetu ikaelea. Sentimita nzima ya hewa kila upande, na pindo juu yake.

Mke wangu akasema kitambaa hakikutosha. Hakunitazama. Mimi nikatazama dari. Dada mkubwa akasema labda waongeze kitambaa cheupe cha dukani kuizunguka. Mke wangu akasema cha dukani hakikuwa cha mama. Kochi akakuna kidevu.

Mzee alikuwa anasikiliza. Akatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kitu kimekunjwa kidogo sana. Mkanda wa lile gauni la bluu. Madoa meupe yaleyale. Karibu mwaka mzima ameuweka mfukoni, na hata dada mkubwa anayemfulia nguo hakujua, maana mzee huutoa kwanza kabla hajampa koti. Akauliza kama utafaa. Dada mkubwa akaenda jikoni akafungua bomba, na hakuosha kitu.

Kochi aliufumua mkanda, akaufungua ukawa mpana, akaukata vipande vinne, akaizungushia nyota yetu. Dakika ishirini. Lazima niandike kwamba aliacha nafasi ya mshono, nilimwona. Sasa nyota yetu ilikuwa na fremu, na kwa kuwa ndiyo pekee yenye fremu, wakakubaliana ikae katikati. Katikati!

Kochi alipokaribia kumaliza kuziunganisha, mzee akasogea. Akauliza ya katikati ni ya nani. Mke wangu akasema ni ya kwangu, baba. Mzee akapitisha kidole kwenye mshono, polepole, akasema imekaa vizuri kuliko zote, mama yenu angetembea nayo nyumba kwa nyumba.

Niliuma ulimi. Naapa niliuma. Nilihesabu mpaka nne. Kisha Kochi akaitikia kwa kichwa, akasema ni kweli, baba, vipimo vyake vimenyooka.

Vipimo! Nikasimama. Nikasema vipimo ni vyangu. Nikasema vilizidi sentimita tano, mimi ndiye niliyegundua, mimi ndiye niliyepunguza, vyote kumi na sita, kwa kisu, na kona zilikuwa tisini. Nikatoa simu nikawaonyesha picha.

Mke wangu akafumba macho. Mzee akaichukua simu, akaisogeza karibu na miwani, akaitazama muda mrefu. Halafu akauliza, kwa upole, vile nilivyopunguza viko wapi.

Nikasema gari la taka lilipita Alhamisi.

Nilitamani anifokee. Alipofoka kuhusu bafu nilijua pa kujificha. Hakufoka. Alitazama mkono wake, ule uliokuwa umeshika mkanda, akaufunga na kuufungua. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kochi akamaliza mshono wa mwisho bila kuinua kichwa. Mzee akanirudishia simu, akalichukua blanketi, nyuzi bado zinaning'inia, akalikunja akalitia kwapani, akaingia chumbani, akafunga mlango. Saa nane mchana.

Tukakaa. Baada ya nusu saa dada mkubwa akashindwa, akafungua mlango kidogo akachungulia. Akarudi ameziba mdomo kwa kiganja. Akamwita mke wangu kwa mkono. Mke wangu akachungulia, na mimi nikachungulia juu ya bega lake.

Amelala. Kitandani! Amelala upande wake wa siku zote, upande wa mama mkwe ameuacha wazi, na blanketi limefunika pande zote mbili. Anakoroma.

Tulikula kwa kunong'ona. Mzee alilala hadi saa kumi na moja. Mke wangu alinishika mkono chini ya meza akaubana kwa nguvu zake zote, mpaka nikaumia. Sijui alikuwa ananisamehe au ananiadhibu. Sikuuliza.

Jumatatu, 11 Machi

Dada mkubwa amepiga simu saa mbili. Mzee amelala kitandani usiku kucha, ameamka hajikandi, ameomba chai ya pili. Mke wangu alilia na kucheka kwenye simu kwa pamoja.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, kama fundi. Mtu halali kitandani karibu mwaka mzima, halafu siku moja analala. Ni nini kilichobadilika? Mkanda ulitoka mfukoni. Kwa nini ulitoka? Kwa sababu nyota ilipungua. Nani aliipunguza? Nimemweleza mke wangu hesabu hii hatua kwa hatua wakati wa chai. Nikamwambia sitaki kusifiwa, nataka tu ieleweke. Amechukua mkoba akaenda sokoni, chai yake ameiacha nusu.

Nimebaki na mapazia ya sebule. Miaka sita yananing'inia pale na sijawahi kuyatazama kwa jicho la kitaalamu. Leo nimeyatazama. Chini, kitambaa kimekunjwa ndani sentimita sita nzima na kushonewa humohumo, hakionekani na hakifanyi kazi yoyote. Mapazia yote manne! Kitambaa kizuri kabisa, kimefungiwa bure.

Atafurahi sana. Amesema atarudi saa sita. Sasa ni saa nne na robo, na mawili nimeshayashusha.